Mapigo 52: mpulizia mikorosho aliyepokelewa kama mgonjwa wa malaria

Kisa hiki kilitokea mwezi Julai katika hospitali moja ya wilaya mkoani Mtwara, nami ndiye niliyekuwa daktari wa zamu. Mgonjwa na kaka yake wameridhia kisimuliwe, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasitambulike. Tulikijadili kwenye kipindi chetu cha mafunzo cha Alhamisi asubuhi, tukakirudia mara mbili baadaye, na kila mara alipatikana mtu wa kuuliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza. Ninawaandikia wenzangu wa vyumba vya dharura huku kusini, kwa sababu msimu wa kupulizia mikorosho unakuja kila mwaka na bado tunaupokea kama mgeni asiyebisha hodi.

Alivyofika

Saa 2:40 usiku, Jumanne. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliletwa kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na kaka yake ili asianguke. Kaka alisema mdogo wake ana homa tangu jana, ametapika mara tatu, tumbo linamuuma na sasa haongei vizuri. Shati lilikuwa limelowa. Nilidhani ni jasho.

Vipimo vya mwanzo vilikuwa hivi: joto 36.4, anapumua mara 34 kwa dakika, oksijeni kwenye damu asilimia 84, shinikizo la damu 148 kwa 90, sukari 9.8, mapigo ya moyo 52. Alifungua macho akiitwa, alijibu maneno yasiyounganika, na aliusukuma mkono wangu nilipombonyeza. Kifuani kulijaa mlio wa mapovu pande zote mbili, juu hadi chini. Saa 2:55 kipimo cha haraka cha malaria kilirudi na mistari miwili.

Ile mistari miwili ndiyo iliyonifunga. Nikaandika malaria kali na homa ya mapafu. Akapata artesunate miligramu 144 kwa uzito wa kilo 60, antibiotiki ya mshipa, dripu, na oksijeni lita 5 kutoka kwenye mashine. Nikamuuliza kaka kama mdogo wake amekuwa akipulizia. Akajibu, "Salfa tu, dokta, tena wiki iliyopita." Nikaridhika. Nikasikia pia harufu fulani, kali kiasi, kati ya pombe na mafuta ya taa. Kaka akasema jana alikunywa kidogo nipa, ile pombe kali ya kienyeji. Nikaridhika tena.

Saa 3:40 hali ikawa mbaya zaidi. Povu jeupe lilianza kutoka mdomoni, na kila tulipolinyonya lilirudi. Nikafikiri mapafu yamejaa maji, nikaagiza furosemide miligramu 40. Ninaiandika dozi hiyo hapa kwa sababu ni sehemu ya kisa: nilimpa dawa ya kutoa maji mtu ambaye maji yalikuwa yakimtoka kila tundu la mwili.

Saa 4:15 muuguzi wa zamu, mama wa makamo aliyekulia kwenye mashamba ya korosho, alikwenda kumbadilisha nguo kwa kuwa alikuwa amejikojolea na kuharisha. Suruali ilikuwa imegandamana na mapaja. Akainama, akanusa, akanyanyuka haraka.

"Dokta, hii si nipa. Hii ni dawa ya maji ya mikorosho. Njoo umwangalie macho."

Nikamulika kwa tochi ya simu. Mboni zote mbili zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Kwenye paja, chini ya ngozi, misuli ilikuwa ikichezacheza yenyewe, kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka. Tangu alipofika hadi pale zilikuwa zimepita dakika 95.

Kilichokuwa kikiendelea mwilini

Mikorosho hupulizwa dawa za namna mbili kubwa, na tofauti yake ni ya kujua kwa moyo. Salfa ya unga, ile ya njano, ni ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua na machipukizi. Salfa huwasha macho, huleta kikohozi, huchubua ngozi. Haipunguzi mboni wala haishushi mapigo. Dawa za maji zinajumuisha viuatilifu vya wadudu, akiwemo mbu wa mikorosho, na baadhi yake ni za kundi la oganofosfeti au ndugu zao karbamati. Hizo ndizo zinazoua kwa njia tuliyoiona usiku ule. Kwa kaka wa mgonjwa, kama tulivyokuja kuelewa, neno salfa lilikuwa jina la dawa yoyote inayopelekwa shambani.

Neva zetu hupeleka ujumbe kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huifagia kemikali ile ili neva ipumzike. Oganofosfeti humfunga mikono huyo mfagiaji. Asetilikolini inarundikana, na tezi zote zinafunguliwa kwa pamoja: mate, machozi, jasho, makohozi, mkojo, kuhara. Mboni zinabana. Moyo unapungua kasi. Bomba za hewa zinabana huku zikijaa ute, hivyo mgonjwa anazama kwenye maji yake mwenyewe akiwa kitandani. Upande wa misuli, kwanza inachezacheza, kisha inachoka na kulegea.

Kwa hiyo yale mapovu ya kifuani hayakuwa homa ya mapafu, na wala moyo haukuwa umeshindwa kazi.

Sasa turudi kwenye mapigo. Mtu mwenye oksijeni ya asilimia 84, anayepumua mara 34, moyo wake unapaswa kukimbia. Wa huyu ulikuwa ukitembea polepole. Namba ile 52 niliiandika kwa mkono wangu kwenye faili saa 2:45, na sikuiuliza kitu. Nasema hivi nikijua kwamba si kila aliyedhurika na oganofosfeti huwa na mapigo ya chini. Sumu ikigusa zaidi upande wa misuli na tezi za adrenali, zile zinazotoa homoni ya kukimbiza moyo, mapigo yanaweza kuwa juu kabisa. Lakini mapigo ya chini kwa mgonjwa anayekosa hewa ni swali linalodai jibu palepale, na malaria haikuwa jibu lake.

Kipimo cha malaria kilikuwa sahihi kwa kile kinachopima. Kinatafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata baada ya mtu kupona. Tena katika mikoa kama yetu, mtu mzima anaweza kubeba vimelea wachache bila kuumwa. Mistari miwili inasema vimelea wapo au walikuwepo. Haisemi kwamba ndio waliomleta mgonjwa hospitali. Hili kila mmoja wetu analijua darasani. Saa 2:55 usiku, wagonjwa wengine sita wakisubiri kwenye benchi, nililisahau.

Atropini, na hofu ya kuhesabu ampuli

Nilipoona mboni, nilimwambia muuguzi avute miligramu 2 za atropini, dawa inayozuia kazi ya asetilikolini kwenye tezi, mapafu na moyo. Ampuli zetu ni za miligramu 1, na kwenye troli ya dharura zilikuwepo 8. Wakati huohuo mhudumu alifungua madirisha, tukavaa glovu mbilimbili na aproni, tukamkata nguo zote kwa mkasi, tukazitia ndani ya mifuko miwili ya plastiki na kuifunga. Tukamwosha kwa maji na sabuni ya kipande, kuanzia nywele, nyuma ya masikio, kwapani, kucha. Maji yaliyotiririka yalikuwa na utando wa mafuta.

Atropini katika sumu hii haitolewi kama tunavyoizoea chumba cha upasuaji, ampuli moja basi. Unaanza na miligramu 1 hadi 3, unasubiri dakika 5, unaangalia. Hali isipobadilika unatoa mara mbili ya ile ya kwanza, kisha mara mbili tena, mpaka kifua kikauke. Malengo ni matano na tuliyaandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya boksi la glovu ili kila mtu ayaone: kifua hakina mapovu, mapigo zaidi ya 80, shinikizo la juu zaidi ya 80, kwapa kavu, mboni hazijabana tena. La kwanza ndilo linalookoa maisha. Mboni huchelewa, na hupaswi kuendelea kusukuma dawa kwa ajili ya mboni peke yake.

Saa 4:20 tulitoa miligramu 2. Mapigo yakapanda hadi 58, mapovu vilevile. Saa 4:25 miligramu 4, mapigo 71. Hapo troli ikabaki na ampuli mbili, na mhudumu akakimbilia chumba cha upasuaji akarudi na 14. Saa 4:30 nikasema 8.

"Dokta, nane?" muuguzi aliuliza. "Kwa mara moja?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Katika maisha yake ya kazi, kabla ya usiku ule, hakuwahi kuona mtu akipewa atropini zaidi ya miligramu 3. Nilimjibu kwamba ndiyo, nane, na nikaitamka hesabu kwa sauti: mbili, nne, nane. Tukavunja ampuli nane pamoja, yeye nne na mimi nne, vioo vikilia kwenye bakuli. Mapigo 88, na kwa mara ya kwanza sehemu ya juu ya mapafu ikasikika safi. Chini bado. Zilibaki ampuli 8, tukazitoa zote saa 4:38. Mfamasia wa zamu alikuwa njiani na ufunguo wa stoo. Dakika zile kumi na mbili za kumsubiri sitaki kuzipitia tena. Mfuko wa kumpulizia hewa ulikuwa mkononi mwangu, na kwenye troli hapakuwa hata na ampuli moja.

Alifika saa 4:50 na boksi. Tukaongeza miligramu 4. Kifua kikawa kikavu, mapigo 108, oksijeni asilimia 95, kwapa kavu kama ya mtu aliyetoka kuoga akajifuta. Jumla miligramu 26.

Baada ya hapo inahitajika dripu ya kumshikilia, asilimia 10 hadi 20 ya jumla ile kwa kila saa. Tulichagua miligramu 3 kwa saa. Hatuna pampu ya kuingizia dawa, kwa hiyo tulitia miligramu 30 kwenye chupa ya maji ya chumvi ya mililita 500, tukahesabu matone 17 kwa dakika kwa mrija wa matone 20 kwa mililita. Muuguzi alikaa kwenye kiti na saa ya mkononi, akihesabu kila robo saa.

Nataka kulisema na hili, kwa kuwa limeshawachelewesha wengi: yapo mafundisho ya zamani kwamba usitoe atropini kabla mgonjwa hajapata oksijeni. Ukiwa na oksijeni, mpe. Usipokuwa nayo, atropini ndiyo itakayoyafungua mapafu yapokee hiyo hewa iliyopo, usisubiri mtungi.

Pralidoksimu, dawa ya kumfungua mikono yule mfagiaji, hatukuwa nayo. Mwenzetu mmoja aliuliza kwenye kipindi kama kukosekana kwake kulimdhuru mgonjwa. Jibu la kweli ni kwamba tafiti zenyewe hazikubaliani: mmoja wa India wa mwaka 2006 ulionyesha faida kwa dozi kubwa, mwingine wa Sri Lanka wa mwaka 2009 haukuonyesha faida yoyote. Kama ningelazimika kuchagua nini kijae kwenye stoo ya hospitali ya wilaya, ningechagua atropini nyingi na sabuni. Kuosha tumbo kwa mrija nako tuliacha. Alikuwa amechelewa, hakuwa na njia ya hewa iliyolindwa, na makaa ya dawa, yale ya kunyonya sumu tumboni, yalijaribiwa Sri Lanka, matokeo yakachapishwa 2008, hayakuokoa maisha zaidi.

Saa 9 usiku hali iligeuka upande wa pili. Alikuwa wa moto, anavuta shuka, anaongea na watu wasiokuwepo, mapigo 136, na stetoskopu tumboni haikusikia kitu. Hiyo ni atropini iliyozidi. Tukafunga dripu, tukasubiri hadi saa 10, tukairudisha kwa miligramu 2 kwa saa, matone 11. Kufikia asubuhi alijua jina lake na aliomba maji.

Alichokuwa ameficha kaka

Alfajiri yule muuguzi alimchukua kaka hadi kwenye benchi la nje, akamsemesha Kimakonde. Walikaa nusu saa. Aliporudi tulikuwa na historia nyingine kabisa. Hapakuwa na homa ya jana wala nipa. Jumanne ile walipulizia dawa ya maji kuanzia asubuhi. Kifuniko cha mashine ya mgongoni kilikuwa kimelegea, na mgongo na suruali vililowa siku nzima. Jioni, giza likianza, mdogo mtu alikuwa na kiu, akachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, akapiga mafunda mawili kabla ya kutambua ladha. Chupa ile ilikuwa na dawa waliyopimiwa kutoka kwenye kopo kubwa, haina hata alama.

Kwa nini hakusema? Aliogopa polisi. Alisikia kwamba mtu aliyekunywa sumu anashtakiwa, na kweli sheria yetu ya kanuni ya adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Aliona akisema mdogo wake kanywa dawa, hakuna atakayeamini kwamba ni bahati mbaya. Akamlinda ndugu yake kwa namna aliyoijua.

Hapa ndipo ninapojiuliza zaidi kuliko kwenye mapigo. Nilimuuliza swali lile mbele ya watu, nimesimama, kalamu mkononi, sauti ya kuhoji. Sasa ninaanza na sentensi nyingine kabla ya swali: kazi yangu hapa ni kutibu, ukiniambia alichokigusa au alichokinywa nitajua dawa gani nimpe, na matibabu hayasubiri fomu ya polisi. Kisha ninanyamaza. Na mgonjwa mwenyewe akizinduka tunakaa naye faraghani, tunamuuliza kwa upole kama alikuwa na mawazo ya kujidhuru, kwa sababu bahati mbaya ndiyo maelezo ya kwanza ya kila mtu na si mara zote ndiyo kweli. Huyu tulimuuliza siku mbili tofauti. Ilikuwa kiu tu.

Siku ya tatu

Wengi wetu tulidhani kisa kimekwisha. Ijumaa asubuhi, kama saa 60 baada ya kunywa, dripu ya atropini ilikuwa karibu inaondolewa. Kifua kikavu, mboni za kawaida, anazungumza. Muuguzi mwingine, kijana aliyeajiriwa mwaka ule, alikuwa anamlisha uji, akaona kitu: mgonjwa hanyanyui kichwa kufuata kijiko. Anafungua mdomo, anasubiri kijiko kimfuate yeye.

Akaniita. Nikamwomba mgonjwa anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Kidevu kilitikisika, shingo ikakakamaa kidogo, kichwa hakikutoka. Mabega nayo yalikuwa mazito, ingawa vidole vilinishika kwa nguvu. Nikamwambia ahesabu kwa pumzi moja. Akafika saba. Kipimo cha kidoleni kilisoma asilimia 94.

Hali hii inajulikana kama sindromu ya kati, kwa sababu hutokea kati ya dhoruba ya mwanzo na madhara ya neva yanayokuja wiki baadaye. Ilielezwa na madaktari wa Sri Lanka, Senanayake na Karalliedde, mwaka 1987. Huja kati ya saa 24 na 96. Inashika misuli ya shingo, mabega, nyonga na ile ya kupumulia, na atropini haiisaidii kwa kuwa haifanyi kazi upande huo wa neva. Mgonjwa anahitaji mashine ya kupumulia kwa siku kadhaa mpaka misuli irudi. Asiyepata mashine anaweza kufa kimya kimya usiku, akiwa ameshahesabiwa kuwa amepona.

Kosa ambalo lingekuwa rahisi kufanya ni kuitazama ile 94 na kusema bado. Oksijeni hushuka mwishoni, misuli ikishachoka kabisa. Shingo husema mapema. Tulipiga simu hospitali ya rufaa yenye chumba cha wagonjwa mahututi, na saa 6 mchana gari liliondoka na wauguzi wawili, mfuko wa kupulizia hewa, ampuli 20 za atropini, na maelezo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya karatasi: asipewe suksamethonium. Dawa hiyo ya kulegeza misuli huvunjwa na kimeng'enya cha jamii ileile iliyofungwa mikono na sumu, hivyo ulegevu wa dakika chache unaweza kuwa wa masaa. Walimwekea mrija usiku uleule. Alikaa kwenye mashine siku 8.

Tulichojifunza Alhamisi, na tulivyojifunza

Idara ya kwanza ya tiba ya dharura iliyokamilika nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na tangu hapo tumepata madaktari bingwa wa fani hii. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa kozi ya huduma za msingi za dharura kwa ajili ya hospitali kama zetu. Mimi mwenyewe niliihudhuria. Utaratibu wake ni njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, hali ya ubongo, kisha kumvua mgonjwa nguo na kumtazama mwili mzima. Kwenye hatua ya ubongo unapima sukari na unamulika mboni. Sukari nilipima. Mboni sikumulika. Nguo sikumvua. Hatua mbili za utaratibu ninaoufundisha wengine ndizo zilizobeba jibu, na nguo ile ambayo sikumvua iliendelea kumwingizia sumu kwa dakika 95 zaidi.

Kwenye kipindi tulikaa kwenye mabenchi ya kliniki ya watoto kabla akina mama hawajafika. Sikuleta mafaili ya picha wala maelezo marefu. Nilichora mstari wa saa ubaoni, nikaandika kila tulichokiona na kila tulichokifanya, nikawaomba wanisimamishe pale ambapo wao wangefikiri jambo jingine. Mteknolojia wa maabara alinisimamisha kwenye alama ya saa 2:55. Alisema yeye aliona vimelea wachache mno kwenye kioo cha hadubini na aliona ajabu kwamba mtu mwenye vimelea wale awe amezidiwa vile, lakini hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuona kama ni nafasi yake kupanda hadi wodini. Hilo lilinigusa sana. Tangu siku ile anapiga simu.

Wiki iliyofuata tulifanya zoezi. Mhudumu mmoja alilala kitandani amevaa koti lililolowa maji ya sabuni, na tukamwambia kila anayeingia zamu afanye kila kitu kwa mikono, kuanzia kuvaa glovu hadi kuvuta dozi ya tatu. Tulitumia ampuli tupu zilizojazwa maji. Kundi la kwanza lilichukua dakika 11 kufika miligramu 8 kwa sababu hawakuwa wamewahi kuvunja ampuli nane kwa pamoja na waliishiwa na mabomba ya sindano. Hili usingeliona kwenye karatasi. Sasa kuna mabomba ya mililita 10 kwenye droo ileile.

Atropini kwenye chumba cha dharura imepandishwa kutoka ampuli 8 hadi 50 kuanzia Mei hadi Oktoba. Tochi imefungwa kwa kamba kwenye troli. Muuguzi anayewapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao huwauliza wote wanaotapika au kuhema kwa shida, "Mara ya mwisho umepulizia au kugusa dawa ya maji lini?" Hatusemi salfa. Na anayekuwa amepona sumu hii anaombwa kunyanyua kichwa kila baada ya saa nne, siku nne mfululizo, na matokeo yanaandikwa kwenye karatasi ileile ya joto na mapigo.

Kipimo cha kimeng'enya chenyewe hatuna, wala hatukukihitaji kwa uamuzi wowote wa usiku ule. Jina la dawa lingetusaidia zaidi. Kaka alileta chupa Jumatano jioni, imefungwa ndani ya mfuko wa rambo, lakini kopo lenye maandishi lilikuwa la jirani na limeshaoshwa na kuchotewa maji. Habari za kopo hilo tulizipeleka kwa afisa kilimo wa kata, na mwaka huu alikuja mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji na makopo matatu mkononi.

Mgonjwa alirudi kwetu wiki ya nne kwa uchunguzi wa neva, kwa kuwa baadhi ya oganofosfeti huleta ganzi na ulegevu wa miguu wiki mbili au tatu baada ya sumu. Alikuwa amekonda, sauti imekwaruza kidogo kutokana na mrija. Tulimtembeza kwa visigino kwenye korido, kisha kwa vidole vya miguu, kwenda na kurudi. Yule muuguzi wa usiku ule alitembea pembeni yake amemshika kiwiko, ingawa hakuhitaji kushikwa.